Daktari Kijana Anayetaka Kubadili Ubingwa



Siku kijana anapopokea shahada ya udaktari, jamaa yake yote hushangilia. Baba hualika majirani, mama husahau taabu ya karo, na wadogo zake huanza kumwita "Daktari" hata mezani. Wote hudhani kwamba safari imekwisha. Kumbe safari ya pili ndiyo kwanza inaanza. Katika nchi nyingi shahada hiyo haitoshi. Huyo daktari kijana hana budi kuchagua upande mmoja wa kazi, kama vile watoto, mifupa, macho, ngozi au uzazi, na kujifunza upande huo hospitalini miaka mingi chini ya wakubwa wake. Hapo ndipo anapoitwa bingwa.

Na mara nyingine, katikati ya safari hiyo ya pili, kijana hujiona ameshika njia isiyo yake. Afanyeje? Aendelee kwa sababu tu amekwisha kuanza? Au ageuke, huku jamaa wanamtazama na deni lake linazidi? Na itakuwaje ikiwa njia anayoitamani ndiyo ile inayogombewa na watu wengi kupita nafasi zilizopo?

Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza juma hili. Tutatazama kwanza mambo ya Marekani, maana huko mashindano hayo yanaonekana waziwazi na kanuni zake zinajulikana. Halafu tutapita Ufaransa, na mwisho tutarudi kwetu Bukavu, ambako daktari mmoja aliyeacha njia yake ya kwanza anajulikana leo dunia nzima.

Waganga wanaoitwa "wakaazi"

Huko Marekani daktari anayejifunza ubingwa huitwa mkaazi. Jina hilo lina asili yake. Mwaka 1889 hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa katika mji wa Baltimore. Wakubwa wake wawili, William Osler aliyetibu maradhi ya ndani na William Halsted aliyekuwa mpasuaji, waliweka desturi ya kuwafundisha madaktari vijana kando ya kitanda cha mgonjwa. Vijana hao walilala na kula humo humo hospitalini, wakawa kweli wakaazi wa nyumba. Leo wana nyumba zao nje, wengine wana wake na watoto, lakini jina limebaki.

Kazi yao ni nzito. Tangu mwaka 2003 kanuni ya nchi nzima inasema mkaazi asifanye kazi zaidi ya saa 80 kwa juma, kwa kadiri ya majuma manne. Msomaji akumbuke kwamba mfanyakazi wa kawaida wa nchi hiyo huhesabiwa saa 40. Muda wa kujifunza nao hutofautiana. Anayetaka kuwa daktari wa jamaa, wa watoto, au wa maradhi ya ndani hukaa miaka 3. Wa uzazi na wa maradhi ya akili hukaa miaka 4. Mpasuaji wa jumla na mpasuaji wa mifupa miaka 5. Anayepasua ubongo hukaa miaka 7.

Katika miaka hiyo mkaazi hupata mshahara. Siku hizi ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka tangu mwanzo. Nyingi hizo! atasema mtu. Lakini wengi wao huingia kazini wakiwa na deni la masomo lililo karibu dola 200,000. Basi kila mwaka unaoongezwa kwenye mafunzo ni mwaka mwingine wa kungojea kulipa deni hilo.

Siku ya mwezi wa Machi

Zamani hospitali za Marekani zilinyang'anyana wanafunzi. Hospitali moja ilimpelekea mwanafunzi simu ya maandishi: "Tunakupa nafasi, jibu upesi." Naye hakujua kama kesho hospitali aliyoipenda zaidi ingemwita. Akikubali, huenda atajuta. Akikataa, huenda atakosa yote. Fujo hiyo ilikomeshwa mwaka 1952 kwa mpango mmoja wa nchi nzima. Mwanafunzi huandika hospitali anazozitaka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Hospitali nazo huandika majina ya wanafunzi zinaowataka kwa mpango huo huo. Halafu orodha hizo mbili hulinganishwa kwa hesabu, na kila mtu hupata mahali pamoja tu.

Wataalamu wa hesabu David Gale na Lloyd Shapley walionyesha mwaka 1962 kwamba hesabu ya namna hiyo yaweza kuwagawa watu hata pasiwepo wawili, mtu na mahali, ambao wangependa kuacha walichopewa ili washikamane wao kwa wao. Alvin Roth aliitengeneza upya kwa ajili ya madaktari, nayo ikaanza kutumika mwaka 1998. Kwa kazi hiyo na nyingine za jinsi hiyo Roth na Shapley walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Matokeo hutangazwa Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Machi. Saa ile ile, katika nchi nzima, wanafunzi hufungua bahasha zao. Wako wanaoruka kwa furaha, na wako wanaolia. Mwaka 1952 nafasi zilikuwa zaidi ya 10,000, na wanafunzi waliomaliza wapata 6,000 hivi. Mwaka 2024 nafasi zilipita 41,000, lakini safari hii watu walioomba walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa kuwa madaktari waliosomea nchi nyingine nao huomba.

Zinazogombewa na zinazobaki

Lakini nafasi hizo hazitamaniwi sawasawa. Ziko zinazogombewa sana: maradhi ya ngozi, upasuaji wa kurekebisha umbo, mifupa, ubongo, masikio na koo, macho. Mwaka 2024 nafasi za kujifunza upasuaji wa ubongo hazikufika 300 katika nchi nzima. Mwaka huo huo nafasi za kujifunza kutibu watoto zilikuwa zaidi ya 3,000, na zaidi ya 200 kati yake zilikosa mtu siku ile ya kulinganisha orodha.

Kwa nini? Sababu si moja. Nafasi za fani nyingine ni chache. Mshahara wa mpasuaji wa mifupa waweza kuwa mara mbili ya ule wa daktari wa watoto. Daktari wa ngozi haamshwi usiku mara nyingi, na mwenye jamaa huyafikiri mambo hayo. Pia iko heshima: jambo linalotamaniwa na wengi huonekana zuri kwa sababu hiyo tu.

Yafaa kijana ajue kwamba heshima hiyo hubadilika kama mavazi. Kati ya miaka ya 1990 vijana wa Marekani walikimbia fani ya kuwalaza wagonjwa usingizi wa upasuaji, wakidhani haitakuwa na kazi. Leo wanaigombea. Fani ya kupokea wagonjwa wa ghafula ilikuwa imejaa watu miaka mingi. Mwaka 2023 nafasi zaidi ya 500, kati ya kama 3,000, zilibaki tupu siku ya kulinganisha orodha. Anayechagua kazi ya miaka 30 kwa kutazama inayopendwa mwaka huu, amejenga juu ya mchanga.

Kwa nini kijana hutaka kuhama?

Watu wengine husema upesi: "Huyu kijana hana msimamo." Tusihukumu kabla ya kusikiliza.

Mwanafunzi wa udaktari hukaa majuma machache tu katika kila upande wa hospitali. Huona watoto, akaenda kwa wapasuaji, akaenda kwa wazazi, na kila mahali anatazama zaidi kuliko kutenda. Fani nyingine hazioni kabisa, au huziona wakati amekwisha kuandika maombi. Maana katika mwezi wa Septemba wa mwaka wake wa mwisho hana budi kupeleka barua zake. Basi amechagua mchumba baada ya kukutana naye mara mbili tatu. Je, ni ajabu wengine wakiona mambo mengine baada ya arusi?

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, uliokusanya taarifa za chunguzi nyingi, uliona kwamba kati ya vijana 100 waliojifunza upasuaji wa jumla, kama 18 waliacha kabla ya kumaliza. Wanawake walioacha walikuwa 25 kwa 100, wanaume 15. Sababu iliyotajwa zaidi ni maisha yasiyotawalika: usiku hauna mwisho, jamaa haimwoni mtu wake. Na wengi wa hao hawakuacha udaktari. Walihamia fani nyingine, hasa ile ya kulaza wagonjwa usingizi.

Tukipanga sababu zao, twaona makundi matatu. Kundi la kwanza ni wale walioitamani fani inayogombewa tangu zamani, wakaikosa, wakashika nyingine kama kimbilio, na moyo wao haukutulia. Kundi la pili ni wale wanaokimbia taabu: uchovu, mkubwa mkali, mji wa mbali na kwao. Kundi la tatu ni wale walioikuta kazi yao wakiwa kazini. Kwa mfano, kijana anajifunza maradhi ya ndani; kila siku anapeleka wagonjwa kupigwa picha za eksirei; anajikuta anasimama mbele ya picha hizo kuliko kando ya kitanda, na maswali yake yote ni ya picha.

Kundi la pili lisihame haraka. Uchovu hupona kwa kupumzika, na mkubwa mkali hukimbiwa kwa kuhamia hospitali nyingine ya fani ile ile. Lakini kundi la kwanza na la tatu wana neno la kusikilizwa. Kwa maana daktari anayeichukia kazi yake kwa miaka 30 huwadhuru watu wawili, yeye mwenyewe na mgonjwa aliye mbele yake.

Milango mitatu

Basi kijana ameamua. Atakuta mbele yake milango mitatu, na kila mmoja una kufuli lake.

Mlango wa kwanza ni kanuni. Aliyepewa nafasi katika mpango ule wa Machi amejifunga. Haruhusiwi kuiacha ili ashike nyingine ya mwaka ule ule bila ruhusa ya wasimamizi. Kanuni hudai aanze kazi na kukaa walau siku 45 za kwanza. Anayevunja ahadi aweza kuzuiwa asishiriki tena katika mpango huo. Ukali huu una maana: hospitali inayoachwa ghafula hubaki na wagonjwa wale wale na mikono pungufu, na wenzake aliowaacha ndio watakaokesha usiku wake.

Mlango wa pili ni nafasi. Kila hospitali imeruhusiwa idadi maalumu ya wakaazi kwa kila mwaka wa mafunzo. Katika fani zinazogombewa karibu nafasi zote hujaa siku ile ya Machi. Anayetaka kuingia mwaka wa pili hungojea mwingine atoke, awe ameugua, au amehama, au ameshindwa. Asipopata pengo hilo, hana budi kuomba upya pamoja na wanafunzi wanaomaliza sasa, na kuanza tena mwaka wa kwanza akiwa na miaka mingi kuliko wao. Ziko nafasi chache zilizotengwa kwa wale ambao wamekwisha kuwa madaktari, lakini ni chache kweli.

Mlango wa tatu ni fedha, na huu vijana wengi hawaujui. Sehemu kubwa ya gharama za kuwafundisha wakaazi hulipwa na Medicare, yaani bima ya serikali ya Marekani kwa ajili ya wazee. Sheria ya mwaka 1997 iliziwekea hospitali mpaka wa idadi ya wakaazi wanaolipiwa. Tena, kijana anapoanza fani yake ya kwanza, serikali huhesabu miaka ya fani hiyo, isiyozidi 5, na kwa miaka hiyo hulipa kamili. Baada ya hapo hospitali hupata nusu tu ya malipo yanayohusu mafunzo yenyewe.

Tutoe mfano. Kijana ameanza maradhi ya ndani, fani ya miaka 3. Baada ya mwaka mmoja anahamia mifupa, fani ya miaka 5. Hospitali mpya italipwa kamili kwa miaka 2 iliyobaki katika hesabu yake ya kwanza, na nusu kwa miaka 3 ya mwisho. Mwenzake aliyeanza upasuaji wa jumla amekuja na hesabu ya miaka 5. Akihama baada ya mwaka mmoja, amebakiza 4. Hospitali nyingine hazijali hesabu hiyo, kwa kuwa liko fungu jingine la malipo lisilokatwa namna hii. Nyingine huijali sana. Basi kijana mwenye busara huuliza mapema hesabu yake imesimama wapi, ili asishangae akikataliwa na watu waliomsifu.

Namna ya kuhama kwa heshima

Milango ina kufuli, lakini haikujengewa ukuta. Kila mwaka wako wanaopita. Wanapitaje?

Kwanza, huenda kuiona ile kazi mpya kwa macho yao. Siku ya mapumziko humwomba bingwa mmoja ruhusa ya kusimama nyuma yake. Hutazama hasa yale yanayochosha: karatasi, wagonjwa wanaorudi na tatizo lile lile, usiku wa zamu. Kama mtu apenda hata sehemu ya kuchosha ya kazi, dalili ni njema.

Pili, humwambia mkubwa wao. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote, na wengi hujaribu kulizunguka kwa siri. Siri haifai kitu hapa. Kanuni za mafunzo zinadai kwamba hospitali inayompokea mkaazi aliyehama ipate kwanza, kutoka kule alikotoka, maandishi yanayoeleza alijifunza nini na alifanya kazi namna gani. Basi mkubwa wa kwanza atajua tu. Ni afadhali alisikie neno kutoka kinywani mwa kijana mwenyewe kuliko kulisoma katika barua ya hospitali nyingine. Na wakubwa wengi, wakiambiwa mapema na kwa adabu, husaidia, maana wao pia wapata muda wa kutafuta mtu wa kuziba pengo.

Tatu, hufanya kazi ya sasa vizuri kuliko zamani. Mtihani aliokwisha kufaulu haurudiwi ili kuongeza alama. Alama zake za zamani zitamfuata zilivyo. Kitu kimoja alicho nacho, ambacho mwanafunzi anayemaliza leo hana, ni ushuhuda wa kazi: kwamba amekesha, amebeba wagonjwa, hakukimbia. Akilegea katika mwaka wake wa mwisho kwa sababu moyo umekwisha kuhama, ameitupa silaha yake mwenyewe.

Nne, hutafuta njia ambayo mwaka uliopita hautapotea. Fani ya picha, ya ngozi, na ya kulaza wagonjwa zote hudai kwanza mwaka mmoja wa kutibu wagonjwa kwa ujumla. Aliyemaliza mwaka wa upasuaji au wa maradhi ya ndani aweza kukubaliwa kwamba huo amekwisha kuutimiza. Lakini anayetoka fani ya picha kwenda kupasua ubongo, huyo huanza karibu upya.

Tano, haachi tawi moja kabla ya kushika jingine. Mkataba wa mkaazi huandikwa kwa mwaka mmoja mmoja. Akitangaza kwamba hatarudi, nafasi yake hupewa mtu mwingine. Akikosa ile aliyoitamani, Julai itamkuta hana hospitali, na deni lipo. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Lakini huyu aweza kuponyokwa na zote mbili. Kwa hiyo mkaazi mwenye jamaa hukaa kwanza na mkewe au mumewe, wakahesabu pamoja: tukikosa, tutakula nini? Tutahamia mji gani? Nani atalea watoto kama saa za kazi zikiongezeka?

Haki ya kujuta

Wafaransa wana utaratibu mwingine. Kwao mafunzo ya hospitalini ni ya zamani. Wanafunzi wa ndani wa hospitali za Paris walianza kuchaguliwa kwa mashindano mwaka 1802. Siku hizi wanafunzi wa nchi nzima hufanya mitihani ile ile, hupewa namba kufuatana na matokeo yao, na namba hizo ndizo zinazoamua fani na mji wanaopata. Wa mbele huchukua wanavyotaka: mara nyingi upasuaji wa kurekebisha umbo, macho, ngozi. Wa nyuma huchukua zilizobaki.

Lakini Wafaransa wamekiri kwamba mtu wa miaka 24 aweza kukosea. Wakaweka haki ambayo kwa lugha yetu ni haki ya kujuta. Katika miaka ya kwanza ya mafunzo, mara moja tu, kijana aweza kubadili fani bila kurudia mtihani, akibaki katika jimbo lile lile la masomo. Sharti ni moja na ni kali: namba aliyoipata katika mtihani wake iwe ingemtosha kuingia fani hiyo mpya mwaka ule ule, mahali pale pale. Kama wa mwisho kuingia katika macho alikuwa na namba 500, naye alipata 480, mlango u wazi. Kama alipata 2,000, mlango umefungwa, ajute asijute.

Twaona tofauti. Mfaransa hupewa ruhusa kwa sheria, lakini haki hiyo haimpandishi mtu ngazi. Mmarekani hana haki yoyote iliyoandikwa, lakini aweza kupanda kwa kazi yake, akipata wa kumpokea. Kipi ni bora? Cha kwanza ni cha haki kwa wote waliongojea kwa zamu. Cha pili humpa nafasi yule aliyechelewa kukua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja nyuma. Nchi yenye busara humwekea mjukuu huyo kiti, maana atakuja tu.

Wawili waliogeuka njiani

Tutaje sasa watu wawili ambao habari zao zinajulikana na wote.

Wa kwanza ni Shinya Yamanaka wa Japani. Mwaka 1987 alimaliza udaktari huko Kobe, akaanza kujifunza upasuaji wa mifupa katika hospitali mjini Osaka. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba mikono yake haikuwa hodari. Upasuaji ambao wenzake waliumaliza upesi, yeye ulimchukua muda mrefu, na wakubwa wake walimtania. Aliona pia wagonjwa ambao kisu hakiwezi kuwaponya. Baada ya miaka miwili akaacha, akaingia katika uchunguzi wa dawa, akapata shahada ya juu mwaka 1993. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitangaza kwamba wameweza kuigeuza seli ya ngozi ya panya iwe changa tena, yenye uwezo wa kufanyika seli ya namna nyingine yoyote ya mwili. Mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za mwanadamu. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Nobel ya udaktari pamoja na John Gurdon. Huyo ndiye kijana aliyetaniwa kwa mikono mizito.

Wa pili ni wa kwetu. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Alisomea udaktari Burundi, akamaliza mwaka 1983, na nia yake ilikuwa kuwatibu watoto. Akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, kusini ya Bukavu. Huko akawaona akina mama waliotoka vijiji vya mbali, wamebebwa, wamejeruhiwa vibaya katika kuzaa kwa sababu hakukuwa na wa kuwasaidia. Hapo njia yake ikageuka. Hakuwa amekwisha kuanza ubingwa, kwa hiyo hakuvunja mkataba wa mtu. Lakini aliacha nia aliyokuwa nayo tangu zamani. Akaenda Angers, huko Ufaransa, akajifunza maradhi ya wanawake na uzazi. Kisha akarudi Lemera mwaka 1989. Vita ilipofika mwaka 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na watumishi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambako maelfu ya wanawake waliojeruhiwa katika vita wametibiwa. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad.

Tusiseme kwamba kila anayebadili ubingwa atapata tuzo. Wengi watapata kazi ya kawaida na usingizi mzuri, na hayo yatosha. Lakini tazameni jambo moja. Hakuna hata mmoja wa hao wawili aliyegeuka kwa kuitazama orodha ya fani zenye heshima. Mmoja alitazama mikono yake bila kujidanganya. Mwingine alitazama wagonjwa waliokuwa mlangoni.

Neno kwa wazazi na kwa vijana

Enyi wazazi, mtoto wenu akiwaandikia kutoka ng'ambo kwamba anataka kuacha fani aliyoianza, msijibu siku hiyo hiyo. Msimwulize kwanza majirani watasema nini. Mwulizeni: Umeiona hiyo kazi mpya kwa macho yako? Mkubwa wako anajua? Ukikosa, una mahali? Maswali hayo matatu yatamsaidia kuliko machozi na kuliko hasira. Na kama atajibu vizuri, mpeni baraka yenu, hata kama ninyi mlipenda mpasuaji naye anataka kusoma picha.

Nanyi vijana, msione haya kwa kuwa mlichagua kabla ya kujua. Karibu wote huchagua hivyo. Lakini jipimeni kwa swali moja: kama fani hii ninayoikimbilia ingelipwa sawa na ile ninayoiacha, na kama hakuna mtu angenisifu kwa kuingia, je, ningeitaka bado? Anayejibu ndiyo, na avumilie milango yote mitatu. Anayesita, na akae kwanza mahali alipo, afanye kazi ya leo vizuri, aulize tena baada ya miezi sita.

Mgonjwa aliyelala kitandani hajui daktari wake alikuwa wa ngapi katika orodha. Anajua tu kama mtu huyo ameketi karibu naye, amemsikiliza, na yuajua kazi yake.